Kibuyu cha Kila Jumapili

Kanze wa Karisa alikuwa amechoka kabla hata hajachumbiwa. Mwaka huo wa themanini na nne alikuwa akibangua korosho kiwandani Kilifi tangu usichana wake, na mafuta ya maganda yalikuwa yamemuunguza vidole vikawa vyeusi. Akirudi kwao Tezo jioni, alimkuta mzee Nzai, mwenye wake wawili na meno machache, amekaa na baba yake akimsifia uvumilivu. Mwanamke akisifiwa uvumilivu na mzee kama huyo, ajue anatafutiwa kazi.

Ndipo akamwendea Kamande, fundi wa baiskeli nje ya lango la kiwanda, mtu wa Nyeri, mpole, aliyeokoka na asiyetaka pombe hata kuinusa. Akamwomba ajifanye mchumba wake.

"Ulete kibuyu kimoja tu cha pombe ya mnazi," alimwambia. "Kwetu, kibuyu cha mchumba kikiwa nyumbani, baba hapokei cha mwingine. Ataniuliza, 'Tunywe?' Nikisema nyweni, nimeolewa. Mimi nitasema bado."

"Halafu?"

"Halafu kinakaa."

Kwa uchovu alisahau kwamba mnazi haukai. Kamande alikileta, na kesho yake ulikuwa umechacha, ukamwagwa, na Nzai akaonekana njiani na kibuyu chake. Mzee Karisa akakata shauri: mchumba alete kipya kila Jumapili, na Jumapili atakayokosa, Nzai apokewe.

Basi Kamande akageuka mchukuzi. Kila baada ya ibada, tai ingali shingoni, alifunga kibuyu nyuma ya baiskeli na kushika njia ya Tezo. Kanisani walimwona. Kwanza wakamwombea, kisha wakamtoa kwenye kwaya. Hakumlaumu Kanze. Alifika, akasema shikamoo, akakaa, na kila mara akamuuliza, "Vidole vinaendeleaje?" Hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza hivyo.

Aliyeteseka zaidi ni mzee Karisa. Mnazi mtamu uliwekwa mbele yake, akauliza, akaambiwa bado, kisha akabaki kuutazama ukiharibika.

Masika yalipopamba moto, Kamande alifika siku moja akiikokota baiskeli, mnyororo umekatika, matope hadi magotini. Kanze alimlaki uani.

"Nimechoka, Kanze," alisema. "Si wewe, ni huu uongo. Leo mwambie mzee hunitaki. Nzai tutamtafutia njia nyingine."

Hapo Kanze akashikwa na hofu. Jumapili bila mtu huyu hangeiweza. Alimpenda, na jambo hilo lilimuudhi kidogo, kwa sababu alikuwa na kazi za kutosha.

Ndani, Nzai alikwisha kukaa, akisubiri. Mzee Karisa aliuliza kwa sauti ya mtu asiyetarajia kitu, "Mwanangu, tunywe?"

"Nyweni, baba."

Mzee alikuwa ameshageuza uso. Ikabidi Kanze arudie.

"Nimesema nyweni."

Akamimina mnazi kwenye kifuu, akaonja, akampa Kamande. Ndiyo desturi: mchumba akikataa kifuu, maneno yamekwisha na binti ameaibika mbele ya wote. Kamande hakuwa amewahi kuonja pombe maishani mwake. Alikitazama kifuu, akavitazama vidole vyeusi vilivyokishika.

Kamande akavua tai, akaitia mfukoni. Akanywa hadi tone la mwisho, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mzee Karisa hakungoja tena, akakivuta kibuyu kwake. Nzai akatafuta fimbo yake.

"Walisema nilikuwa na sauti nzuri kwenye kwaya," Kamande alisema alipopata pumzi.

"Utaniimbia mimi," Kanze akamjibu. Akasogea karibu, akakaa. "Na Jumapili ijayo usilete kitu. Njoo tu tupumzike."