Mkoba wa Peremende

Nyumba yake ilipovunjwa na wezi mara ya pili, Verlene Stubblefield, mjane wa huku kwetu Oklahoma, alikwenda duka la bunduki akachagua bastola ndogo kuliko zote.

"Hiyo ukifyatua ina teke kuliko punda, bibi," alisema Doyle, muuzaji. "Jaribu hii, ni kubwa kidogo, haitakurusha."

Verlene aliikoki kwa vidole vyake vyenye baridi yabisi, ikakubali.

"Utaibeba wapi?"

"Mkobani! Ulitaka niifiche kwenye sidiria?"

Doyle alicheka. "Hebu tuone kama inaenea."

Verlene alipoufungua mkoba, peremende zilimwagika mezani. Kila Jumapili watoto wa kanisani huuchakura mkoba huo bila kuomba ruhusa, na hajawahi kumkataza hata mmoja. Alizitazama, akazirudisha mkobani moja moja, akaufunga.

Hofu yake ilikuwa ya kweli, wala simlaumu. Lakini hakuna haki ya kujilinda kwa kumweka mtoto wa mwenzako hatarini.

"Nipe mkanda na kifuko cha bastola cha kiunoni," alisema.

"Mkanda huo hauvaliki na gauni. Na kanisani kwenu si mwanamke havai suruali?"

"Jumapili hii atavaa."