Jumapili za Swara na Fundi

Juzi nilipita Kitengela nikaingia kula nyama mahali palipokuwa malisho ya jirani yetu. Meza ya pili vijana walikuwa wakibishana ni nani mchezaji bora aliyewahi kucheza ligi ya Uingereza. Nikaacha kutafuna ili nisikie. Lakini mmoja akatoa simu, akasoma idadi ya mabao, na ubishi ukaisha kabla chumvi haijafika mezani. Nilisikitika kama mtu aliyezimiwa redio katikati ya wimbo anaoupenda.

Kwetu ubishi huo ulichukua miaka, rafiki yangu. Haukuisha, na hakuna aliyetaka uishe.

Wakati huo Kitengela ilikuwa nyumba chache za mabati, upepo, na nyasi hadi macho yachoke. Asubuhi nyingine ungeamka ukute nyumbu wamesimama karibu na kamba ya kuanikia nguo. Baba alikuwa amehama kutoka upande wa Murang'a, akanunua ploti ndogo, akaizungushia ua wa kayaba, ule mti wa miiba. Upande wa pili wa ua huo aliishi jirani, Mmasai mfugaji, mrefu, mwenye shuka nyekundu na koti kuukuu la suti juu yake. Sisi watoto tulikimbia kumwinamishia vichwa, salamu ya watoto wa Kimasai, naye akitugusa utosini kwa kiganja kikavu, mmoja mmoja, bila haraka.

Yeye alikuwa na ng'ombe. Sisi tulikuwa na televisheni, ndogo, isiyo na rangi, inayotumia betri ya gari. Jumamosi alasiri alipenya kwenye pengo la kayaba akiwa na kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, na mama akaweka sufuria ya chai jikoni. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha nguzo ya antena nje huku baba akinielekeza kwa sauti kupitia dirishani. Kwa chenga za kioo, mechi zote zilichezwa kwenye theluji, hata za jua kali. Tulibishana juu ya wekundu na bluu, na kwa macho yetu wote walikuwa rangi ya jivu.

Majina halisi ya wachezaji yaliwashinda baba na jirani ulimi, kwa hiyo wakawapa yao. Mshambuliaji aliyempendeza jirani aliitwa Swara, kwa jinsi alivyoruka mguu wa beki bila kuutazama. Wa baba alikuwa kiungo, nahodha, mtu wa kukaba na kupiga pasi ndefu. Yeye aliitwa Fundi.

Jumamosi ilikuwa ya kutazama tu. Jumapili, baada ya kanisa, ndipo kesi iliposikilizwa. Baba alikaa kwenye kiti cha mbao, jirani kwenye kigoda chake cha miguu mitatu, na sisi tukichambua mahindi ya githeri karibu nao. Jirani aliwapima wachezaji kama mtu anayechagua fahali: kifua, miguu ya nyuma, anavyoinua kichwa akisikia kelele. Baba alisema timu ni nyumba, na anayeisimamisha ni yule anayeweka nguzo, si anayepaka rangi. Jirani alimjibu kwamba nguzo hazijawahi kufunga bao. Mama, akipita na karai, aliwaambia wote wawili kuwa bila kipa wangekuwa wanalia, nao wakaitikia kwa heshima, kisha wakaendelea.

Halafu baba akapata kiharusi.

Alirudi kutoka hospitalini mkono wa kulia umelala na ulimi umefungwa. Alielewa kila kitu, lakini hakuweza kusema hata jina langu. Watu walikuja, wakaomba, wakaleta unga na sukari, na walipomaliza kuomba wakamzungumzia mbele yake kana kwamba ametoka. Waliuliza kama anakula. Waliuliza kama anatambua watu. Baba aliutazama ukuta. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona kwamba kinachomuumiza si mkono.

Jumapili ya kwanza jirani alikuja, akaweka kigoda chake mahali pake pa siku zote, akamsalimu. Kisha akamweleza kwamba jana Swara amefunga tena, na angependa kusikia Fundi amefanya nini. Akamtazama baba usoni, akangoja. Alingoja muda mrefu hadi sisi tukaona haya. Baada ya hapo akatikisa kichwa kama aliyejibiwa, akasema hapo hakubaliani naye, akaeleza kwa nini.

Alifanya hivyo kila Jumapili. Kiangazi kilipobana na ng'ombe wake kuhamia mbali, vijana wake ndio waliowafuata. Yeye alibaki, akaja.

Mama alivumilia hadi siku moja akamfuata kwenye pengo la ua. Nilikuwa nikichota maji kwenye pipa, nikasikia. Alimwambia kwa upole kwamba mzee amechoka, na kumuuliza maswali asiyoweza kujibu ni kama kumcheka.

Jirani alisimama akiegemea fimbo yake. "Mama watoto," akasema, "nikiacha kubishana na yeye, nitakuwa nimemzika."

Jumapili iliyofuata mama aliweka chai tayari kabla jirani hajafika.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, udongo mweusi umeshika viatu vya kila mtu, siku jirani alipobadilisha maneno. Hakumtaja Swara kabisa. Alikunywa chai yake nusu, akasema polepole kwamba amefikiria sana jambo hili na sasa amepata ukweli. "Fundi hakujua mpira, mzee. Alibahatika tu."

Baba aligeuza kichwa. Shingo ilimsimama, mdomo ukavutika upande mmoja, na sauti ikaanza kupanda kutoka mbali, kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. Mama aliweka karai chini.

"Uongo," baba akasema.

Lilitoka limepinda, lakini lilikuwa neno. Jirani alifunika uso kwa ncha ya shuka akakaa hivyo. Alipoufunua, macho yalikuwa mekundu, ila sauti ilikuwa ileile ya kila Jumapili. "Basi nionyeshe uongo uko wapi."

Ilimchukua baba miezi kumwonyesha. Neno kwa neno alirudi, na maneno ya mpira yalitangulia yote: pasi, kona, nguzo. Jina langu lilikuja baada ya jina la Fundi, na sikuona wivu. Mkono haukupona, lakini walibishana miaka mingine mingi mizuri, hadi baba alipotutoka kwa ugonjwa mwingine, akiwa bado hajakubali.

Jirani aliuza sehemu ya ardhi yake, watoto wake wakauza nyingine, na ukoo mzima ukasogea kusini, ng'ambo ya Isinya, karibu na mji wa Kajiado. Kayaba iling'olewa. Leo hapo kuna maghorofa ya kupangisha na ukuta wa mawe, na watu wa pande mbili za ukuta huo hawajuani.

Nilipomaliza kula nyama yangu, sikurudi Nairobi ninakoishi. Niliendelea kusini hadi kwa jirani. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya mawe, amezeeka, nikainamisha kichwa changu chenye mvi naye akakigusa. Ndani, wajukuu walikuwa na televisheni kubwa yenye rangi zote, na mechi ilikuwa ikiendelea. Yeye alikuwa ameipa mgongo. Nikamuuliza kwa nini hatazami.

"Nitazame nibishane na nani, nakerai?" akasema, akiniita mtoto kwa Kimaa kama zamani.

Nikamwambia abishane na mimi, niko tayari kumtetea Fundi hadi jioni. Alicheka kidogo, akanishika mkono.

"Wewe," akasema, "utanikubalia haraka."

Nikafungua mdomo nimpinge, na heshima ikanijibia: "Ndiyo, mzee."