Dobi Aliyejifunza Majina ya Vitu

Mzee Pasi alikuwa dobi, na ukuta wa duka lake ndio ukuta wa saluni yangu. Ukuta wenyewe mwembamba. Akikohoa yeye, wateja wangu wanamwambia pole. Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kusikia sauti laini ya mwanamke humo ndani, ikisema lugha nisiyoijua. Nikaacha kichwa cha mteja kimesukwa nusu, nikaenda kuchungulia. Mimi si mtu wa kujifanya sina habari.

Hapakuwa na mwanamke. Mzee alikuwa ameielekeza simu kwenye pasi. Kwenye kioo cha simu ilionekana pasi ileile, na juu yake limeelea neno la kigeni, chini Kiswahili chake kwa herufi ndogo. Alipoligusa neno, bibie wa simuni akalitamka, naye akafuatiza. Akahamia kwenye hanga, kisha kwenye shati, kisha kwenye kifungo cha shati.

"Samaki mkunje angali mbichi, mzee," nikamtania.

"Mimi nimeshakauka, mwanangu, najua. Lakini nikikunjika kidogo tu, inatosha."

Nikacheka kidogo tu, maana nilijua kilichokuwa kinamkunja. Mwanawe wa pekee alihamia nchi ya mbali, akaoa huko, akapata binti, kisha ajali ya barabarani ikamchukua akazikwa kulekule. Mzee hakupata hata kushika udongo wa kaburi. Kilichobaki ni yule mjukuu, ambaye hajui Kiswahili, na mama yake vilevile. Enzi za uhai wake marehemu ndiye aliyekuwa akitafsiri. Sasa mkwe alipiga simu ya video kila Jumapili, na babu na mjukuu walibaki kupungiana mikono hadi mikono ikachoka.

"Sitaki awe na babu bubu," Mzee aliniambia. "Baba yake kamjua miaka michache tu. Nani atamsimulia kama si mimi?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alijifunza kwa bidii mpaka shati la karani mmoja likaungua mgongoni, mzee anatafuta jina la kola. Karani alifoka, na mimi nikamfokea karani. Siku nyingine nilimkuta amesimama mbele ya picha ya marehemu ukutani, simu imeinuliwa.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inasema fremu." Akasogea karibu zaidi. "Sasa inasema mwanamume."

Akakipangusa kioo cha picha kwa mkono wa shati, akainua simu tena. Mwanamume. Akaiweka simu mfukoni, akarudi kwenye meza ya kunyooshea. Niliichukia ile simu siku hiyo, na sijaacha kuichukia.

Jumapili moja simu iliita tukiwa watu watatu dukani: mzee, mimi, na mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja kuchukua suti yake. Mtoto alitokea kwenye kioo, pengo mbele, uso mzito kuliko umri wake. Akauliza kitu, kirefu. Mzee hakuambulia hata neno moja, lakini alikuwa amejiandaa. Akainua pasi, akaitaja. Mtoto akarudia maneno yake polepole, kama anavyosemeshwa mtu asiyesikia vizuri. Mzee akainua hanga. Akainua shati, akainua sindano, kila kimoja kwa jina lake na tabasamu pana. Nyuma ya mtoto, mama yake aliinamisha kichwa. Mtoto akasema neno moja fupi, akapunga mkono, simu ikakatika.

"Umeona?" Mzee akanigeukia, jasho linamtoka. "Leo tumeongea!"

Mwalimu alikuwa ameshikilia suti yake, haondoki. "Samahani, mzee wangu. Hiyo lugha ndiyo ninayofundisha. Mtoto alikuwa anauliza baba yake alikuwa anachekaje. Anasema ameanza kusahau."

Mzee akaketi juu ya lundo la nguo chafu.

"Lakini hilo halihitaji lugha," akasema. "Ningecheka tu, akaona."

Nikalia. Na mimi silii ovyo, muulize mume wangu.

Tukapiga, tukapiga tena, haikupokelewa. Wiki ile mwalimu alipita kila jioni akitoka kazini kumfundisha sentensi moja: baba yako alikuwa akicheka bila sauti, mabega tu yanatikisika, na anashika ukuta asianguke. Kupitia ukuta wetu nilimsikia Mzee akiirudia, kisha kimya. Nilijua hapo anatikisa mabega.

Jumapili ikafika, mwalimu akaja mapema. Mtoto alitokea, na kabla hajasalimiwa akainua kikombe, akakitaja. Akakiweka, akainua kiatu. Kisha kitana. Alikuwa amepanga vitu mezani, safu nzima. Mama yake akaeleza kitu, mwalimu akatafsiri kwa sauti ya chini: "Anasema mtoto amejiandaa wiki nzima. Ameona hivi ndivyo babu anavyopenda kuongea."

Mzee alimwitikia kila kitu. Mtoto alipopumzika, akaisema sentensi yake, yote, bila kukosea. Akaegemea ukuta akacheka kama mwanawe, kimya, mabega yanatikisika. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mtoto alimtazama kwa makini mpaka mwisho, akakunja uso kama anayetafuta kitu ndani ya kabati, kisha akajibu taratibu.

Mzee akamgeukia mwalimu.

"Sema, mwanangu," Mzee akamwambia.

"Anasema amejaribu, lakini hakumbuki. Anasema asante, babu."

Mtoto alikuwa ameshainua kijiko, anasubiri. Mzee akasafisha koo, akasema neno la kijiko kwa lugha ya mtoto, na alilitamka vizuri kabisa.