Kompyuta Iliyosahau Nyumbani Tu

Mtaani walimwita Fundi Miwani, mwanamke mfupi, mbishi kama msumari wenye kutu. Alitengeneza kompyuta, na hakuna aliyewahi kumrudishia kazi. Mpaka shangazi yake, mpiga chapa wa mitihani ya shule, alipoleta yake mara ya tatu.

"Imeganda tena. Maswali arobaini yamepotea, na mwalimu anayataka jioni hii. Mwanangu, ikigoma tena naipeleka kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara."

"Shangazi! Utanivua nguo hadharani?"

"Jivike kazi nzuri."

Fundi Miwani alikuwa na programu yake mwenyewe ya kupima kumbukumbu ya kompyuta, mistari ishirini tu. Kila kijumba cha kumbukumbu kinapewa namba kiitunze, halafu kinaulizwa: nilikupa nini? Kikijibu vingine, kibovu hicho. Akaipima kompyuta ya shangazi asubuhi nzima. Makosa, sifuri.

Mwingine angesema shangazi anazeeka. Yeye akaibeba hadi nyumbani kwa shangazi. "Mgonjwa apimwe anapougulia."

Shangazi akaipokea, akaiweka mezani, kisha akatoa shuka zito la sufu alilofuma mwenyewe, akalifunika kasha la kompyuta gubigubi.

"Hilo la nini?"

"Vumbi. Kitu cha thamani hakiachwi uchi."

Fundi akawasha programu. Dakika kumi, sifuri. Nusu saa, kosa moja, matatu, kumi na saba! Akatia mkono chini ya shuka: joto la chungu jikoni. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya kumbukumbu. Akapima kimoja kimoja, shuka likiwa juu. Cha kwanza kikavumilia. Cha pili kikaropoka. Akaking'oa.

"Kijiti hiki hakistahimili joto. Na joto umelipika wewe, shangazi. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kijiti ni kibovu?"

"Kibovu."

"Basi shuka langu halina kosa."

"Linalo!"

"Halina!"

Hakuna aliyekubali kushindwa, lakini shangazi alipoketi kuchapa, shuka lilikuwa mabegani mwake. Maswali arobaini yakatoka bila kuganda hata mara moja.

Mwalimu akaja kuyachukua. "Mama, na kompyuta yangu inaganda. Niipeleke kwa yule wa ng'ambo?"

"Ukafanye nini huko?" shangazi akamkaripia. "Fundi ni huyu hapa. Mdomo wake mchafu, lakini akikwambia kitu kibovu, ni kibovu."

"Hata shuka?" akauliza Fundi Miwani.

"Nyamaza, beba vifaa vyako uende na mwalimu."