Mama Sentimita, Mwanamke Anayewateremsha Wakubwa Garini

Saa mbili na robo asubuhi, mwanamke mfupi mwenye filimbi mdomoni anarudi kinyumenyume kwenye sitaha ya kivuko, mikono yote miwili hewani, huku lori refu likimfuata. Vidole vyake vinaita: njoo, njoo, kata kushoto, kidogo tena. Ghafla anakunja ngumi na lori linasimama. Kati ya bampa lake na gari dogo lililo mbele unaweza kupitisha kiganja, tena kiwe cha mtu mwembamba.

"Zima injini, weka gia, vuta breki ya mkono," anamwambia dereva. "Kioo kiache wazi. Na king'ora cha gari ukizime, maana kivuko kikitikisika kitalia mpaka ng'ambo na watu watanitukana mimi."

Huyu ndiye Mama Sentimita. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye kitambulisho, lakini mwenyewe anakiri kwamba akiitwa hilo hugeuka nyuma kuangalia nani anaitwa. Ana miaka arobaini na sita, watoto watatu, na miaka kumi na tisa ya kupanga magari kwenye kivuko kinachovusha watu kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Bango lililopigiliwa mlangoni linasema kivuko hubeba magari kumi na sita. Kabla yake, wapangaji waliingiza kumi na matatu wakatangaza kimejaa. Yeye huingiza kumi na sita kila safari, safari sita kwa siku, na kwa miaka minne sasa hakuna gari lililotoka na mchubuko. Hiyo rekodi anaitaja mara mbili kabla ya chai, na ana haki ya kuitaja.

Maji yenyewe yanavukwa kwa dakika ishirini. Kinachochosha ni makaratasi. Anayevuka kwa mara ya kwanza ajue kwamba atapitia uhamiaji kugonga muhuri, kisha forodha kuonyesha kadi ya gari, kisha dirisha la bima ya upande wa pili, na kila dirisha lina foleni yake. Ukiwa na bahati utamaliza kwa saa moja. Ukisahau kadi ya gari nyumbani, utawazoea makarani mpaka ujue majina ya watoto wao.

"Na pasipoti kaa nayo mfukoni mwako, kila mtu na yake," anasisitiza Mama Sentimita. "Kuna bwana mmoja alikusanya za familia nzima akazifungia garini, eti yeye ndiye baba. Gari likaingia. Mkewe na mama mkwe walikuwa chooni, mlango wa kivuko ukafungwa. Baba kafika ng'ambo na pasipoti za watu wasiokuwepo, wale wamebaki huku wamegongewa muhuri wa kutoka na hawana hata karatasi. Mama mkwe hakumsemesha mwezi mzima!"

Anacheka mpaka anajifuta macho. Lakini wiki hii hakuwa na mengi ya kuchekea.

Mwezi ujao kinaanza kivuko kipya cha magari arobaini. Mamlaka za nchi zote mbili zimekubaliana kwamba mpangaji mkuu lazima awe na cheti, na Mama Sentimita aliishia darasa la saba. Mtihani wa maandishi aliupita kwa jasho. Binti yake wa pili alimkalisha mezani wiki tano akimfundisha kukokotoa uzito wa kushoto na kulia. "Ananigombeza huyo! Angekuwa na fimbo ningesahau nani mama," anasema, na sauti yake imejaa fahari.

Ulibaki mtihani wa vitendo, siku ya Alhamisi: kupanga safari moja nzima mbele ya mkaguzi kutoka makao makuu. Akifaulu, kivuko kipya ni chake. Akifeli, anahamishiwa dirisha la tiketi.

"Mimi kukaa dirishani? Nitazeeka ndani ya siku tatu."

Alianza hapa kama mfagiaji wa sitaha. Kila kivuko kilipojaa aliegemea ufagio wake akahesabu nafasi zilizopotea, hadi siku moja mpangaji alipougua naye akaokota filimbi bila kuombwa. Mumewe, fundi wa matairi, hakupenda. "Nilimwambia hiyo kazi ya wanaume," anakumbuka mzee huyo akiwa karakanani kwake, mikono imejaa grisi. "Sasa wateja wakija nawauliza, mmepangwa na mke wangu? Wakisema ndiyo, hata upepo nawajazia bure."

Mama Sentimita ana kanuni moja ambayo haimo katika kitabu chochote cha ofisi. Gari likipanda, ndani anabaki dereva peke yake. Wengine wote wanateremka na kupanda kwa miguu, awe mgonjwa anayeweza kusimama, awe bibi harusi.

Kanuni hiyo ina historia. Miaka minane iliyopita alikuja mzee wa watu, mvi kichwa kizima, amekaa kiti cha nyuma. Mama Sentimita alimpa shikamoo, akaona haya kumwambia ashuke. Mlango wa chuma ambao magari hupandia ulikuwa na utelezi, gari likarudi nyuma, likaingia majini upande. Dereva alitoka. Mzee alibaki, mkanda umemkaba, na maji yakimfika kidevuni.

"Niliruka na nguo zangu. Nikamvuta dirishani yeye na koti lake," anasimulia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anaacha kuangalia foleni. "Alipona. Lakini nilikaa chini nikalia kama mtoto. Yule mzee nusura nimuue kwa heshima."

Alhamisi ikafika. Mkaguzi alikuja na gari la ofisi, jeusi, vioo vya giza. Yeye alikaa nyuma na mafaili magotini, simu sikioni. Magari tisa yalikuwa yameshapangwa na zamu yake ikafika. Dereva wake akalisogeza gari mpaka ukingo wa mlango. Mama Sentimita akakunja ngumi.

Akaenda dirishani. "Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba uteremke, upande kwa miguu."

Mkaguzi aliondoa simu sikioni. "Mama, unajua mimi ni nani?"

"Najua mzee. Ndiye unayenisahihisha leo."

"Sasa?"

"Heshima yako nimeshaitoa kwenye shikamoo. Garini kila mtu anashuka."

Waliokuwepo wanasema hata mfunga kamba aliacha kamba yake. Nahodha aliteremka ngazi mbili mbili, akamvuta Mama Sentimita pembeni na kumnong'oneza: "Dada, unajichimbia kaburi. Mpitishe tu huyu mmoja, wengine utawashusha kesho."

"Kesho nitawashusha kwa mdomo gani, kama leo nimempitisha huyu?"

Nyuma, honi zilianza. Dereva mmoja alipaza sauti kwamba ana samani za mteja na mteja ana hasira. Mkaguzi aliendelea kukaa. Mama Sentimita naye akasimama mbele ya gari lile, mikono nyuma, filimbi imening'inia. Alimfikiria binti yake na zile wiki tano mezani, akaona zote zinazama. Hakusogea.

Dakika saba zilipita. Kisha mlango wa nyuma ukafunguliwa na mkaguzi akashuka na mafaili yake, akapanda kivukoni kwa miguu bila kumtazama. Mama Sentimita akapuliza filimbi na kazi ikaendelea: magari kumi na sita, uzito sawa pande zote, hakuna hata kioo kilichoguswa. Njia nzima mkaguzi aliandika, na alipofika ng'ambo alipanda gari lake akaondoka.

Saa tisa alasiri alirudi, maana lazima arudi kwa kivuko hichohicho. Mama Sentimita alikuwa kwenye mlango wa upande ule akiita magari ya kurudi. Gari jeusi likasogea kwenye foleni na yeye akajiandaa, filimbi ikiwa tayari mdomoni.

Gari lilikuwa na dereva peke yake. Vioo vyote vinne vilikuwa vimeshushwa. Mkaguzi alikuwa amesimama pembeni kwenye msururu wa waenda kwa miguu, mafaili kwapani, kati ya mama mwenye mtoto mgongoni na kijana mwenye baiskeli.

"Nikamwambia karibu mzee," anasimulia. "Akanijibu, asante mwalimu. Mwalimu! Mimi wa darasa la saba!"

Majibu yalitoka jana: alama themanini na nane kwa mia. Amekatwa saba kwa kuchelewesha safari, alama moja kwa kila dakika. Chini kabisa mkaguzi ameandika kwa mkono wake kwamba kanuni ya kuteremsha abiria iingizwe katika mwongozo wa kivuko kipya, kwa nchi zote mbili. Karatasi hiyo fundi wa matairi ameshaitoa nakala nne, moja imebandikwa karakanani juu ya pampu ya upepo.

Kivuko kipya kitazinduliwa mwanzoni mwa mwezi, na Mama Sentimita ameomba wapangaji wawili awafundishe, angalau mmoja awe mwanamke. Wageni rasmi watatoka pande zote mbili za mpaka, kila mmoja na msafara wake. Jana hiyohiyo ofisi ilimpigia simu kuuliza, kwa upole sana, kama waheshimiwa hao wanaweza kubaki ndani ya magari yao wakati wa kupanda.

"Nimewajibu vizuri tu," anasema huku akiliita gari linalofuata kwa vidole viwili. "Nimewaambia siku hiyo waheshimiwa waje na viatu vya kutembelea."