Jina Lililobaki Mlangoni

Nakumbuka asubuhi niliyorudi mtaani kwetu Hjulsta na sanduku langu, baada ya miaka miwili na miezi kadhaa Kigoma, nikamkuta Bibi Gunvor wa ghorofa ya sita ndani ya lifti na kijibwa chake. Alilitazama sanduku, akaniuliza kwa Kiswidi, "Unasafiri, Gervas?" Nikamwambia hapana, ndiyo kwanza narudi. Akacheka kidogo, kama mtu anayedhani anataniwa. "Si umenishikia mlango wa chini asubuhi hii hii," akasema. Kile kijibwa, ambacho zamani kilikuwa kikinirukia magotini, kilijibanza nyuma ya miguu yake na kunitazama tu.

Mwanangu Neema, nakueleza haya kwa sababu ya ombi lako la jana. Unakwenda Kigoma kumuuguza bibi yako, hujui utarudi lini, na uraia wa huku hujapata, una kibali cha kuishi tu. Umeniomba niache jina lako mlangoni kwangu, pale posta wanapotumbukiza barua, ili uhesabike kuwa uko hapa na ukirudi usome chuo bila ada. Niliposita ukanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yenu mliokulia huku, kwamba ni jina tu, mjomba. Kaa basi unisikilize, na chai yako usiiache ipoe.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Ndiyo, nakiri, umri wa mtu mzima, lakini akili ilikuwa bado inatafuta pa kukaa. Nilikuwa nikihudumia wazee majumbani, nikitamani kusomea uuguzi. Babu yako akapigwa na kiharusi, nikaondoka haraka. Sikumwarifu mtu yeyote wa ofisi yoyote. Nilimwambia Shangazi Skola, dada yake babu yako niliyekuwa nikiishi kwake, "Jina langu liache mlangoni. Wakiuliza, sema nipo." Ndivyo tulivyokuwa tukifanya wengi wetu, kuna mlango mmoja ulikuwa na majina manane na vitanda viwili.

Sikufikiria jambo moja. Shangazi alikuwa mama wa kanisa asiyeweza kusema uongo hata akitishwa kwa panga.

Basi asubuhi ile alinifungulia mlango, akanikumbatia, akalia, akanipa pole ya msiba wa kaka yake. Kisha akanikalisha kwenye kiti cha wageni. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya uji, chake na kingine kilichokwisha nusu. Nikauliza kama kuna mgeni. Shangazi akakaza macho mezani.

"Mwaka juzi walipiga simu, wakauliza kama unaishi hapa," akasema. "Nikasema ndiyo. Sasa nikaogopa, mwanangu. Nimesema uongo mbele za Mungu. Nikasema, basi niufanye uwe kweli."

Akaanza kuniwekea uji kila asubuhi. Akawa anatandika kitanda changu na kukitandua, anafungua maji bafuni kwa muda wa mtu kuoga, anasimama mlangoni kwangu na kuita, "Gervas, uji unapoa!" Mwanzoni alijicheka mwenyewe. Mwezi wa pili, alisema, uji ulianza kupungua.

Nilidhani upweke umemchanganya, nikamwonea huruma. Nikaingia chumbani kwangu kupumzika. Chini ya kitanda palikuwa na ndara nilizozinunua wiki ya kuondoka, sikuwahi kuzivaa. Zilikuwa zimelika kisigino cha kulia, upande wa nje. Ndivyo ninavyokanyaga mimi tangu nivunjike mguu utotoni. Nikazirudisha polepole, nikatoka kwenda kukaa sebuleni, na sikulala kile chumba siku ile wala iliyofuata.

Kesho yake asubuhi nilimsikia Shangazi akiita, "Gervas, uji unapoa!" Nikaitika kutoka sebuleni, nikaenda jikoni. Alinigeukia kwa upole kabisa.

"Sikuiti wewe," akasema.

Niliogopa, sikufichi. Lakini shida ina mdomo mkubwa kuliko woga. Nilikuwa nimepata nafasi chuoni, kozi ya uuguzi ya msimu ule. Chuo kilitaka uthibitisho wa kibali cha kuishi, maana mtu wa kutoka nje ya Ulaya asiyekuwa nacho hulipa ada ambayo sisi tungeweza kuijengea nyumba. Na kadi yangu ya kibali ilikuwa inakaribia kuisha muda. Watu wa uhamiaji wakaniletea fomu yenye swali moja lililoninyima raha: je, umeishi nje ya nchi? Kibali ni cha kuishi hapa, Neema, si cha kuwekwa kabatini kama shuka la arusi. Nikijibu ndiyo, huenda nikakipoteza, na chuo pamoja nacho.

Shetani ni mjanja, alikwisha kuniandalia mashahidi. Bibi Gunvor, mama wa watu asiyejua hila, alikubali kuandika barua kwamba ameniona karibu kila siku kwa miaka yote ile. Hakudanganya hata neno. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikajaza kwenye fomu kwamba sikuwahi kuondoka, nikampelekea Shangazi ile karatasi asaini kama mwenye nyumba.

Aliisoma mara mbili. Chumbani kwangu, mlango ukiwa umefungwa, nilisikia kitanda kikilia kama mtu anayekaa kitako ili asikilize vizuri.

"Mwenye kuishi humu ninamjua, naweza kumsainia," Shangazi akasema. "Lakini wewe uniambie. Kaka yangu alilishwa na nani kwa kijiko miaka miwili? Nani alimgeuza kitandani, nani alimfumba macho? Ukisema ulikuwa hapa, basi kaka yangu alikufa peke yake."

Mwanangu, nililia. Nilikuwa tayari kumfuta baba yangu na mikono yangu iliyomwosha, ili nipate kiti darasani. Na kiti chenyewe kingekaliwa na yule wa chumbani. Nikaichana ile fomu. Nikaomba nyingine, nikaandika kwamba niliondoka, tarehe niliyoondoka, sababu, na kwamba nilikosa kutoa taarifa. Nikaambatanisha cheti cha kifo. Barua ya Bibi Gunvor nikamrudishia.

Nilipotoka kuituma ile fomu mpya posta, Bibi Gunvor alikuwa kwenye lifti. Akanishangaa. "Nimekuona ukishuka na sanduku sasa hivi," akasema. "Hukuniaga. Nikajua umehama." Kijibwa chake kikanirukia magotini.

Jioni ile kikombe cha pili kilikuwa bado kimejaa, uji umeganda juu. Shangazi aliumwaga. Kisha akakiosha kile kikombe, akanitilia chai.

Nafasi ya msimu ule niliikosa. Nilingoja miezi mingi. Mwishowe watu wa uhamiaji walikubali maelezo yangu, kibali kikabaki, na mwaka uliofuata nikaingia darasani bila kulipa ada, kijana mwenye mvi mbili. Kawia ufike, walisema wahenga. Na ndiyo maana leo una mjomba muuguzi.

Nasaha yangu ni hii. Kabla hujapanda ndege, nenda uwaulize watu wa uhamiaji wenyewe kibali chako kinavumilia kukosekana kwako kwa muda gani. Kuuliza si ujinga. Waarifu kwa maandishi unakwenda wapi na kwa nani. Tunza tiketi, tunza vyeti vya hospitali, uje uonyeshe bila kujificha ulikuwa wapi. Miaka utakayompa bibi yako usikubali kuikana kwa ajili ya chuo chochote. Heri urudi uanze upya foleni ukiwa mzima.

Jina lako nitalibandua mlangoni siku hiyo hiyo utakayoondoka. Kitanda chako kitabaki, ila hakuna atakayekitandika. Mungu akufikishe, akupe mikono laini ya kumgeuza mama yangu, akurudishe na akili na afya. Na ukirudi, asubuhi nitakapoita kwamba uji unapoa, Neema, uitike wewe.