Punje za Ulezi Kwenye Filta ya Dizeli

Nilifika Sumbawanga siku ya tatu tangu nitoke Tanga. Nililala Dodoma, nikalala Mbeya, na kuanzia Tunduma nilikaa na abiria aliyenieleza kwa kirefu ubaya wa baridi ya Ufipa, kisha akashuka kabla hatujaifikia. Nilikusudia kukaa wiki mbili. Nilikaa miaka minne, kwa sababu ya pikapu.

Ilikuwa ya mama mmoja wa Mbeya, mfanyabiashara wa dagaa pale mtaa wa Kizwite. Ilimzidi umri kifunguamimba wake, ambaye tayari alikuwa mwalimu mkuu. Kazi yangu ilikuwa kushuka nayo Kipili, ziwani, na kupanda na magunia ya dagaa. Mwaka wa nne ikaanza kuzima milimani. Ilipozima mara ya tatu, mama akaniita.

"Dereva, ikizima tena naiuza. Na wewe utafute kazi nyingine."

Nilikuwa nimeizoea Sumbawanga: uji wa ulezi asubuhi, watu wanaoteta kwa Kifipa sokoni na kugeukia Kiswahili wakiniona. Sijaizoea sehemu nyingine hivyo. Nikaenda kwa fundi, mzee Mfipa aliyelima ulezi nyuma ya gereji yake.

"Shikamoo, mzee. Nimenunua filta mpya ya dizeli."

"Marahaba. Mpya ya nini? Filta inaoshwa."

Kweli, ile ya zamani aliwahi kuiosha kwa petroli mara mbili, akaipuliza kwa mdomo na kuirudisha.

"Na gari limezima mara tatu, mzee."

"Limezima mlimani. Hapa mjini lilizima?"

Hata hivyo aliifungua ile ya zamani, akaimwaga kwenye beseni. Yakatoka maji meusi na punje ndogo nyekundu. Tukazitazama.

"Ulezi," nikasema.

Akasugua punje moja kwa kidole gumba. "Huu ni wangu."

Dumu la dizeli ya akiba nilikuwa nikiliazima kwake. Nisipokuwa nalo alitunzia mbegu, maana panya hawapendi harufu ya dizeli.

"Huwa nalikung'uta kabla sijakupa."

"Hulikung'uti vya kutosha."

"Na wewe huangalii unachomimina."



Tuliliosha tangi, tukachuja dizeli kwa kitambaa, tukaijaza filta mpya kabla ya kuifunga, nikabonyeza pampu ya mkono mpaka hewa ikaisha. Ile ya zamani fundi aliianika juani. "Itapata mtu," akasema.

Nilipanda kutoka Kipili na magunia kumi na mawili bila gari kuzima hata mara moja. Mama alitoka nje kunipokea, akaizunguka pikapu.

Siku ya tatu alikuja mkulima wa Msanzi, akaisikiliza inavyonguruma, akainunua. Alikuwa na mwanawe wa kuiendesha.

"Usinielewe vibaya, baba," mama aliniambia. "Ilipokuwa inazima hakuna aliyeitaka."

Alinifungia dagaa wa njiani. Stendi asubuhi basi la Mpanda lilikuwa limeshawasha injini, nikapanda hilo.